Mtani wa Kilatini

Mume wangu alikuwa na mke mkubwa kabla yangu, na mke huyo ni Kilatini. Nikisema hivi wanangu wanacheka, lakini mie niliyekaa naye nyumba moja najua ninachosema. Aliingizwa seminari kule kwetu Unyamwezi angali mtoto wa kufutwa kamasi, akalelewa humo mpaka ndevu zikaota. Alifundishwa kusali kwa lugha hiyo, kuimba kwa lugha hiyo, na nadhani hata ndoto alikuwa akiziota kwa lugha hiyo. Kisha akaacha. Kwa nini aliacha hakunieleza, na ndugu zake nao ukiwagusia wanahamisha mazungumzo. Walichofanya ni kumtafutia mke harakaharaka kabla maneno hayajaenea. Wakanipata mie, msichana wa darasa la nne, nikafungishwa ndoa, nikapandishwa treni kuja Dar es Salaam, ambako alikuwa amepata ukarani bandarini.

Tulikaa Temeke, kwenye nyumba za serikali zilizokuwa bado zinanuka chokaa. Tulikuwa na vyumba viwili, kibaraza mbele na ua nyuma wenye jiko la kuni. Miaka hiyo Temeke ilikuwa mbali na mji, na ukivuka ua wetu tu unaingia kwenye mihogo ya watu. Asubuhi anafunga tai, anapanda baiskeli, anakwenda kazini. Jioni anarudi, anakula, anakaa kibarazani na kitabu chake cha misa na kusogeza midomo bila sauti. Hakuwa na wa kuzungumza naye. Mapadri walikuwa Wazungu na walijua kwamba aliacha seminari, basi walimpa mkono na kupita zao. Wanawake wenzangu walikuwa wananiambia nimebahatika, mume wangu hanywi wala hatembei. Mie nilikuwa namwangalia pale kibarazani na roho inaniuma. Nilikuwa nakionea wivu kitabu.

Sasa mwanamke anayeonea wivu kitabu atafanyaje akija mwanamke mwenzake ameshika kitabu hichohicho mkononi?

Alikuja masika yameanza, nami nina mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, Mzaramo wa upande wa Kisarawe, akikaa Kinondoni kwa mjomba wake. Kinondoni mpaka Temeke si karibu, naye alikuja kwa baiskeli, jambo ambalo wanawake wa mtaani kwetu walilizungumza mpaka wakachoka. Alivaa viatu vya mikanda na gauni la kitambaa cha kukunjika vizuri. Mie nilikuwa na kanga mbili, miguu imevimba, na kichefuchefu kila nikisikia harufu ya samaki.

Shida yake aliieleza palepale. Alikuwa anasoma kwa njia ya posta. Masomo yanakuja kwenye bahasha kutoka Uingereza, anajibu, anarudisha, na mwisho wake kuna mtihani. Akishinda, milango ya chuo kikuu inafunguka, na kwa mwanamke wa kwetu wakati ule hilo lilikuwa jambo la kusikia kwenye hadithi. Lakini mtihani huo ulitaka Kilatini. Padri wa shuleni kwake alimjibu kwamba mwanamke hana kazi na Kilatini kwa sababu hatasoma misa hata siku moja. Ndipo mtu mmoja akamwambia yupo karani Temeke, Mnyamwezi, ambaye aliiacha seminari lakini Kilatini hakukiacha.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Nikauona uso wa mume wangu ulivyofunguka. Sikuwahi kuuona hivyo, hata siku ya ndoa yetu. Wakakubaliana palepale kwamba watakuwa wanasoma kila Jumapili baada ya misa, kibarazani kwetu. Mie sikuulizwa, nikaweka chai mezani.

Tena kulikuwa na utani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka bara na kupita nchi ya Wazaramo kushuka pwani. Mtani ana ruhusa. Anaingia kwako bila hodi, anafunua chungu, anachukua kitu chako na kwenda nacho, anakutukana mbele ya wakwe zako. Nawe haki yako ni moja tu, kumtukana zaidi yake. Kukasirika huruhusiwi. Anayenuna ameshindwa, atalipa kuku, na kuku huyo ataliwa na watu wote huku wanamcheka.

Basi siku ileile ya kwanza, chai haijapoa, akamwita mume wangu mpagazi wake. Alisema babu yetu alikula posho ya babu yake kisha akautupa mzigo porini, kwa hiyo mjukuu ataumalizia kwa kumfundisha Kilatini. Mume wangu naye akamjibu kwamba Wazaramo wangeacha ngoma walau siku mbili wangekwisha kujifunza hata Kiyunani. Wakacheka. Nikacheka na mie, maana ndiyo desturi. Nami si mjinga wa utani, nilikuwaga nawatania majirani mpaka wanashika mbavu. Kwa huyu mwanamke tu ndiyo ulimi ulikuwa unanikauka.

Jumapili zikaanza kupita. Mie jikoni, wao kibarazani, katikati yetu mlango ulio wazi. Nilikuwa nasikia kila kitu na sielewi chochote, na hilo lilinichoma kuliko kama wangejifungia ndani. Mtu akijifungia utamgongea. Hawa wamekaa mbele ya mtaa mzima, wameacha nafasi ya kitabu katikati yao, kila jirani anayepita anawasalimu, na bado wako mahali ambapo mie siwezi kuingia. Mume wangu alianza kunyoa ndevu Jumapili asubuhi badala ya Jumamosi jioni. Aliniuliza shati lake jeupe liko wapi. Katika ndoa yetu maswali yake kwangu yalikuwa ya namna hiyo, shati liko wapi, maji yamechemka, chumvi imekwisha.

Iko Jumapili moja ambayo siwezi kuisahau, na kisa chake ni neno moja tu la Kiingereza, lile la ask. Kwenye bahasha ilikuja sentensi, ati askari walimwomba jemadari wao nafaka, mwalimu aitie kwenye Kilatini. Sentensi ndogo hivyo. Mwalimu akaandika, mume wangu akakataa. Akasema Mwingereza ana neno moja analitumia kila mahali, kama mtu mwenye sufuria moja tu ya kupikia uji na mchuzi, lakini Mrumi alikuwa nayo mengi na kila moja lina kazi yake. Kuna rogo, unapomuuliza mtu au kumsihi. Kuna quaero, unapotaka kujua jambo au kutafuta kilichopotea. Kuna posco, unapodai kwa nguvu kama kitu ni chako. Na kuna peto, unapoomba upewe, na hilo alilisema kwa sauti nyingine, taratibu, na kulieleza kwamba ndani yake mna kukiendea kitu unachokitaka mpaka ukifikie.

Mwalimu hakukubali upesi. Alibisha. Alisema askari wenye njaa hawaombi, wanadai. Mume wangu akasema askari wale walikuwa na adabu kwa jemadari wao. Mwalimu akasema mpagazi anajua nini kuhusu askari. Wakavutana hivyo mpaka jua likahama kibarazani, na kila alipobisha yule mwanamke, mume wangu alizidi kuchangamka. Alisimama, akakaa, akapiga paja lake. Mie hajawahi kubishana nami juu ya lolote. Nikimwambia jambo anasema sawa, na imekwisha.

Halafu mwalimu akasema kitu kwa Kilatini, sentensi fupi tu, na mume wangu akacheka mpaka akavua miwani. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi nikauliza wanacheka nini. Akajifuta macho, akaniambia haielezeki kwa Kiswahili.

Loo, nilihisi nimepigwa kibao. Nikamwambia Kiswahili kina kuuliza, kina kuomba, kina kudai, kina kusihi, na mtu akitaka mke kina kuposa, sasa ni kipi hicho kisichoelezeka? Mume wangu akamgeukia mwenzake, akamwambia mtani asikilize, hata jikoni kwetu kuna profesa. Aliliona ni neno la kunisifu. Wakacheka wote wawili kwa upole, wakarudi kwenye kitabu. Nikarudi jikoni nikakuta wali umeungua chini.

Nilikwenda kwa bibi wa nyumba ya jirani, Mzaramo mtu mzima aliyekuwa akinifundisha mambo ya pwani, hata kukuna nazi ni yeye aliyenionyesha. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa kwenye jamvi lake, nikamwaga yote. Nilimwambia yule si mwanafunzi, yule ananinyang'anya mume mchana kweupe. Bibi aliniuliza kama nimewaona wakishikana. Nikasema hapana. Akauliza kama wanakwenda mahali. Nikasema hapana, wanakaa palepale. Akauliza sasa wanafanya nini. Nikasema wanazungumza. Akatafuna tambuu yake, akaniambia yule ni mtani wangu pia, si wa mume wangu peke yake. Nikinuna, nimelipa kuku. Kama nina neno naye nimtanie, na nimtanie kwelikweli.

Basi nikamtania. Alikuwa na desturi ya kupita jikoni akifika tu, anafunua chungu na kuchukua pande la nyama la juu. Jumapili iliyofuata nikalichagua pande zuri, nikalichanja na kulijaza pilipili kichaa mpaka ndani, nikaliweka juu. Akafika, akafunua, akalitia lote mdomoni. Nilisimama kando nikimwangalia macho yanavyojaa maji, kamasi zinamtoka, jasho linamtiririka. Alitafuna mpaka akameza. Kisha akanishika bega, akasema kwa sauti iliyokauka kwamba tangu aanze kuja, leo ndiyo mtani wake amemkumbuka. Akaenda kibarazani kulitangaza kama sifa. Mume wangu alikuja jikoni kunipongeza. Alisema alikuwa anaogopa kwamba simpendi mgeni, kumbe tumezoeana.

Niambie, hapo unasema nini? Kila nililomfanyia liligeuka kuwa mapenzi. Nilimfungia baiskeli kwa kamba ya mnazi mafundo chungu nzima, akakaa chini kuyafungua huku anaimba. Yeye naye akaichukua kanga yangu kwenye kamba, ile niliyoletewa na mama, akaondoka nayo Kinondoni imefungwa kwenye usukani. Nikapiga kelele mpaka mtaa ukatoka kunicheka. Machozi niliyolia chooni baadaye hakuna aliyeyaona.

Nilijifungua kiangazi, mtoto wa kike. Mume wangu akataka mwalimu awe mama wa ubatizo. Hapo nilikataa, na nilikataa bila utani. Nikasema mtoto atasimamiwa na mtu wa kwetu, kama sivyo atabaki bila maji. Alishangaa, akasema sawa, kama kawaida yake. Tukamchukua mke wa Mnyamwezi mwenzake wa bandarini.

Siku ya ubatizo kanisa lilijaa. Mie nilikaa benchi la mbele. Padri akamsogelea mtoto, akauliza yale maneno ya mwanzo ya ubatizo, Quid petis, yaani unaomba nini. Nililisikia lile neno, lile peto la kuomba. Nililifahamu palepale, maana nilikwisha kulisikia kibarazani kwangu jua likihama. Nikageuka kumwangalia mume wangu. Hakuwa anamwangalia padri wala mtoto wake. Alikuwa amegeuza shingo nyuma, kwa wanawake waliosimama mlangoni, na yule mwanamke alikuwa anamwangalia yeye, na wote wawili walikuwa wameuma midomo wasicheke. Mama wa ubatizo akajibu kwa Kilatini alichokaririshwa, kwamba anaomba imani. Mtoto akalia. Mie nikaona kanisa zima limeniinamia.

Baada ya hapo ilikuwa karamu uani kwetu. Walikuja Wanyamwezi wa bandarini na wake zao, majirani, na Wazaramo watani wetu ambao hata hawakualikwa, kwa sababu mtani haalikwi. Walikuwa wamekwisha kuziba mlango wa jiko na kudai mapaja yote ya mbuzi. Watu wamekula, wanacheka, bibi jirani amelewa togwa, au anajifanya amelewa. Nikaingia ndani kumbadilisha mtoto nguo, nikamkabidhi mama wa ubatizo, nikakaa kidogo kujifunga vizuri. Nilipotoka, nilimkuta mwalimu amekaa kwenye kiti changu.

Alikuwa amejifunga ile kanga yangu ya mama. Amempakata mwanangu. Kichwa ameinamisha kama bibi harusi, na watani wanampigia vigelegele. Mume wangu, baba mwenye nyumba, amesimama mbele yake amejitanda kitambaa cha meza mabegani kama padri. Akainua mkono, akauliza kwa sauti ya kanisani:

"Quid petis?"

Wote tulikuwa tumetoka kulisikia asubuhi, hata mwenye masikio mazito alijua linauliza nini. Watu wakanyamaza wapate jibu. Mwalimu akainua uso, hakujibu kwa Kilatini, akajibu kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Naomba mume huyu."

Ua ulilipuka. Wanaume walipigana mabega, wanawake walirusha kanga juu. Mie nilikuwa nimesimama kizingitini. Sikuona utani. Niliona kiti changu, kanga yangu, mtoto wangu na mume wangu, vimepangwa safu moja, na mie niko nje yake. Nikapita katikati ya watu. Nikamchukua mwanangu mikononi mwake. Na nikasema kile kilichokuwa kimekaa kifuani mwangu tangu masika, kwa sauti yangu yote, kila neno nikilimaanisha.

"Mchukue. Mchukue leo hii na hiyo kanga yako. Tangu uje sina mume, nina mpangaji. Nenda naye Kinondoni, na mkifika msinirudishie."

Kisha bibi jirani akapiga kigelegele kirefu, akasema Mnyamwezi amemmeza mtu mzimamzima. Basi tena. Watu walianguka. Walinipa mikono, walinitunza vitambaa, mmoja akasema hajasikia utani mkali namna ile tangu azaliwe. Wakamwambia mwalimu ameshindwa, alipe kuku. Mume wangu alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akashika mti wa uani, kitambaa cha meza kikamdondoka.

Nilikuwa nimesema. Jamani, nilikuwa nimelisema lote hadharani, na hakuna aliyelisikia. Nikabaki nimesimama na mtoto begani, watu wananisifu, nami nimetabasamu kwa sababu uso haukuwa na pengine pa kwenda. Ndipo nikamtazama yule mwanamke. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ameinuka kitini taratibu na ananiangalia. Hata vigelegele vilipoanza tena hakujiunga navyo, akaenda kuchukua baiskeli yake.

Alikuja katikati ya wiki, mume wangu yuko kazini. Nilikuwa uani nafua nepi za mtoto. Alipiga hodi. Ndiyo, alipiga hodi, akasubiri mpaka nikamkaribisha. Hakufunua chungu. Alinipa kanga yangu, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara nyingi mpaka imekuwa ndogo. Nikaipokea na mikono yenye povu. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia siku nitakayompata peke yake, na mengine si ya kuandikwa. Lakini yeye ndiye aliyeanza, na hakuniita mtani.

"Dada, siku ile hukuwa unatania."

Nikamjibu sikuwa natania.

"Nilijua. Hata mie nilipoomba sikuwa natania."

Nilikaa chini kwenye kigoda. Miezi yote nilikuwa nataka kulisikia neno hilo, nataka mtu mmoja tu aniambie sina wazimu, na sasa nimeambiwa na yeye mwenyewe. Nikamuuliza kama mume wangu anajua. Akasema hajui, hajamwambia, wala mume wangu hajawahi kumgusa yeye hata kidole, kazi yake ni kufundisha tu na kutania tu. Akasema hatakuja tena. Alisema hivyo akiitazama nepi niliyoiacha ndani ya beseni, na nikaona mkono wake umeushika usukani wa baiskeli kwa nguvu.

Ningetaka kuwaambia nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilimuuliza mtihani wake itakuwaje, akasema ataufanya kwa Kilatini alicho nacho, na nikamwambia asafiri salama. Alipokata kona ya mihogo nikaimba. Nilifua nepi zote naimba, nikafua na mashuka ambayo hayakuwa machafu. Nilikuwa nimeshinda, tena nimeshinda bila kupigana. Mume alikuwa hajui kitu, kwa hiyo alikuwa wangu vilevile, hajaguswa. Hivyo ndivyo nilivyohesabu.

Jumapili nilichinja jogoo. Nilimpika kwa nazi, mchuzi mzito, kama bibi jirani alivyonifundisha, na safari hii sikuunguza kitu. Mume wangu alinyoa, akavaa shati jeupe, akatoka kibarazani na vitabu vyake. Alikaa. Akafungua ukurasa, akaufunga. Alisimama akaangalia barabara, akakaa tena. Nilimwacha kwa muda mrefu kwa sababu nilikuwa nafurahia. Kisha nikatoka nikifuta mikono, nikamwambia mtani alipita katikati ya wiki, aliaga, hatakuja tena.

Akauliza amesema kwa nini. Nikasema hakusema.

Akatikisa kichwa polepole, akasema sawa. Akaokota vitabu, akaingia ndani. Nilipomfuata kumwambia chakula tayari nilimkuta amelala kitandani na viatu, uso ameugeuzia ukutani. Akasema hana njaa. Mume wangu, aliyekuwa akirudi kutoka bandarini anakula kabla hata hajafungua tai. Nikamwambia ni jogoo, nimempika kwa nazi. Akasema nimle tu, yeye ataona baadaye. Nikauangalia ule mgongo, mabega yanavyopanda na kushuka, na nikakumbuka alivyocheka karamuni mpaka akashika mti.

Hata yeye hakuwa anatania.

Nilirudi jikoni nikakaa kwenye kigoda. Mtoto alikuwa ameamka, nikamfunga mgongoni. Nikapakua sahani yangu, nikapakua na yake, nikazila zote mbili mpaka mifupa.